Kompyuta ya Chumbani kwa Modesti

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mimi, Veronica atakiri kwa niaba yangu, na yeye huongeza chumvi. Kosa lilikuwa langu. Mimi Wolfgang, katibu wa kwaya ya parokia yetu hapa Babati, mwimba besi kwa miaka kumi na tisa, ndiye niliyebeba nota za zamani kwenda Singida. Lakini nisingekosea, watu wasingejua kamwe Modesti ni mtu wa namna gani, kwa hiyo kosa langu nalo lihesabiwe kuwa mchango.

Modesti ni fundi wa madirisha ya alumini. Alizaliwa Dareda kwa wakulima wa mahindi na maharage, akaja mjini mwaka ule mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha na Babati ikafanywa makao makuu. Miaka ile kila mtu alikuwa anajenga: ofisi, maduka, nyumba za kupangisha, na zote zilitaka madirisha. Alikuwa kijana mwembamba mwenye futi kamba mfukoni na penseli nyuma ya sikio, na kukaa kitini dakika tano hakuwezi mpaka leo. Hata kanisani, padri akihubiri, miguu ya Modesti inacheza chini ya kinanda. Muziki alifundishwa na katekista wa kwao, na tulipompa ualimu wa kwaya hakuuliza posho, aliuliza kama tuna karatasi za nota.

Alimwoa Veronica, soprano wetu wa mbele, wakajenga Nangara nyumba ya vyumba viwili na sebule. Baba yake Veronica alipofariki, mama mtu akabaki peke yake Sigino na ng'ombe mmoja. Veronica ni mtoto wa pekee. Modesti mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwomba mama mkwe wake ahamie kwao, na mama akakataa mara mbili, kwa sababu mama kukaa nyumba moja na mkwe wake wa kiume si jambo la mzaha. Mara ya tatu alikubali kwa sharti lake: atakaa chumba cha uani, atafanya kazi zake, na mguu wake hautavuka kizingiti cha chumba cha mkwe, hata nyumba iungue. Sisi sote tunamwita Mama Veronica. Jina la ubatizo ni Bernadina, lakini Modesti hajawahi kulitamka, na akilisikia linatajwa kwenye jumuiya huinamisha kichwa.

Basi, kompyuta. Ofisi moja ilibadilisha vyombo vyake, Modesti akanunua mashine moja kuukuu na kuitengeneza mwenyewe. Akaiweka chumbani, juu ya meza chini ya dirisha, kwa sababu sebuleni kuna vumbi na wageni wa jumuiya. Kila akirudi kazini anaoga, anakula, anaikalia. Nota zetu zote akazihamishia humo, sauti nne na kinanda. Mama Veronica, ambaye hakuwahi kuiona, aliipa jina la mke mwenza. Akitaka kujua kama mkwe ana nafasi, humwuliza binti yake, "Mwenzio ameshalala?" Veronica hucheka mpaka anashika ukuta.

Tatizo la Modesti ni kwamba nyimbo humjia akiwa kazini. Yuko juu ya ukuta Sigino, anapiga skrubu, wimbo unaingia, na akifika Nangara jioni umeshatoka. Alitaka aweze kuiwasha kompyuta ya nyumbani kutoka pale pale alipo, aandike kwa simu ndani ya faili lake, aizime. Nikamwuliza kwa nini asiiache ikiwaka mchana kutwa. Akanitazama kwa huruma. Nyumba ile ina mama na binti waliolelewa kuzima kila kitu: taa, redio, pasi, hata jiko la mkaa hupigwa maji mtu akienda kisimani. Kitu kiwake bila mtu? Haiwezekani.

Alinieleza mara nyingi hadi nikaelewa kwa lazima. Kompyuta ikizimwa haifi, alisema, inalala. Ili mradi waya wake uko kwenye umeme, kuna kadi ndogo nyuma inayobaki macho, na taa yake ya kijani inapepesa. Ukituma ujumbe maalumu kwa intaneti, unafika kwenye kile kisanduku cha intaneti kilichoko sebuleni, kinachotumia waya wa simu ya mezani. Kisanduku kinaita namba ya ile kompyuta, kadi inasikia inaitwa, inamwamsha mwenye nyumba.

"Kwa hiyo Wolfgang, mimi niko Sigino, naiamsha iliyoko Nangara," akasema, macho yamemtoka. "Bila mtu kuigusa."

"Tuma mtu," nikamwambia.

Hakunisemesha siku nzima.

Kazi hiyo ilimchukua miezi minane. Alisoma, akauliza watu asiowajua kwenye intaneti, akabadilisha kadi, akabadilisha kisanduku. Kila siku ikifika saa ya chakula cha mchana anatuma ujumbe, kisha anampigia mkewe. Veronica anachungulia chumbani, beseni la vyombo kiunoni.

"Imeamka?"

"Imelala fofofo."

Hivyo hivyo, wiki hadi wiki. Mafundi wenzake walimtania, wakasema Modesti anapiga simu kumwamsha mtu aliyekwisha kuzikwa. Hakununa. Kesho yake anajaribu tena, na kila akijaribu ana furaha mpya, na hilo ndilo lililokuwa likinichosha kuliko yote.

Halafu siku moja alikuwa Maisaka, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja anayeitwa Mzee Sadallah, ameshika fremu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Akatuma. Akapiga. Veronica hakusema haloo wala hakusema neno. Alikwenda tu akaiweka simu juu ya kompyuta, na Modesti akasikia feni inavuma. Wanasema aliimba Utukufu wote, kutoka mwanzo hadi amina, juu ya jukwaa la mbao, na Mzee Sadallah alitoka mbio dukani akidhani fundi ameanguka. Nyumbani Mama Veronica alikuwa sebuleni anachambua maharage. Aliposikia chumba kile kinavuma alimwambia binti yake, taratibu kabisa, "Mwenzio ameamka peke yake. Mwangalieni."

Huyo ndiye mtu wetu. Sasa nieleze wimbo.

Kila jioni Mama Veronica anakamua yule ng'ombe aliyetoka naye Sigino, na akikamua anaimba. Anaimba Kigorowa, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, si kwa ajili ya mtu. Modesti akirudi na baiskeli yake hupita nyuma ya zizi, na siku moja alianza kusimama hapo. Sauti ile aliiweka kichwani, akaiingiza kwenye kompyuta, akaitilia maneno ya Kiswahili ya kushukuru mavuno, akaipanga sauti nne. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote aliyowahi kutupa, nasema hivyo mimi ambaye simsifu mtu bure. Tulipoalikwa kwenye tamasha la kwaya Singida, hatukubishana juu ya wimbo upi tuupeleke. Ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kazi ya Modesti kuimbwa nje ya parokia yetu.

Lakini mwenye sauti hakuwa anajua. Modesti angemwambiaje? Yeye na mama mkwe wake husalimiana tu, shikamoo na marahaba, na mengine yote hupitia kwa Veronica. Amwendee mama wa watu amwambie, nimekuwa nikijibanza nyuma ya zizi nakusikiliza? Heri afungue madirisha yote ya mji na kuyafunga upya. Jambo hilo tulilijua watatu: yeye, mkewe na mimi.

Wiki mbili kabla ya safari, Modesti alisimama tena nyuma ya zizi na kugundua kwamba mwisho wa wimbo aliuweka vibaya. Alikuwa ameupandisha juu, kwa kishindo, kama tunavyopenda sisi watu wa kwaya. Mama alikuwa anaushusha. Unashuka, unashuka, unaishia pale anapoondoa ndoo. Modesti hakulala. Akabadilisha mwisho, na kwa kuwa mwisho ulishuka, akapandisha wimbo wote ili besi tusiumie, akaandika kinanda upya. Akatufundisha mwisho mpya wiki nzima huku tukinung'unika. Siku aliyotangaza kwamba nota zimebadilika, mimi nilikuwa msibani Dareda. Mwisho mpya niliupata kwa sikio tu, na haikunijia kwamba karatasi nazo zimebadilika. Na nota za zamani nilikuwa nimeshazichukua kwenye flashi na kuzitoa nakala kabla hata hazijabadilika, kwa sababu mimi ni katibu anayewahi.

Tukafika Singida Ijumaa jioni, tukalala kwenye madarasa. Jumamosi saa tatu asubuhi nikampa Modesti bahasha yangu kwa maringo, nakala tano za majaji, zimebanwa vizuri. Akafungua ya juu. Akageuza hadi ukurasa wa mwisho. Miguu yake, ambayo haitulii, ilitulia.

"Wolfgang," akasema, "hizi ni za lini?"

Niliposikia jibu langu mwenyewe likitoka mdomoni nilijua nimetuua. Sheria ya tamasha ilikuwa imebandikwa mlangoni: majaji watafuata nota, kwaya itakayoimba tofauti na karatasi yake itapunguziwa alama, nota zilizoandikwa au kurekebishwa kwa kalamu hazitapokelewa, mwisho wa kukabidhi saa tano kamili, na kwaya ambayo haijakabidhi itaondolewa kwenye orodha. Watu thelathini na wawili walikuwa uani wanapiga pasi sare zao.

"Tuimbe ule mwisho wa zamani," nikasema. "Tunaujua."

"Ule wa zamani si wimbo wake. Ni makosa yangu."

"Basi uandike upya kwenye kompyuta za hapa."

"Sauti nne na kinanda, kurasa saba? Kwa saa mbili?" Kisha nikaona kitu kinarudi usoni kwake, nikaogopa, maana nilikijua. "Iko nyumbani," akasema. "Imelala tu. Tuiamshe."

Tulikimbia. Nasema tulikimbia, mimi nina miaka hamsini na moja na viatu vya kuazima. Veronica alitukuta njiani akiwa na sketi ya sare na kanga mabegani, tukaingia wote watatu steshenari moja karibu na stendi. Mwenye duka, dada mmoja anaitwa Hanifa, alikuwa ndiyo kwanza anafungua. Modesti alimweleza shida yetu kwa sentensi moja ndefu isiyo na pumzi. Hanifa akavuta kiti.

"Kaa hapo kaka. Printa ina wino. Hiyo ya kuamsha kompyuta ya Babati sijawahi kuiona, nami nataka kuiona."

Modesti akatuma ujumbe. Tukasubiri. Hakuna kitu. Akatuma tena. Akaangalia kisanduku cha nyumbani kama kinajibu, hakijibu. Nyumba nzima ilikuwa gizani kwa upande wa intaneti.

"Mpigie mama," akamwambia mkewe.

Mama Veronica akapokea kwa sauti kubwa, kama anavyopokea siku zote. Veronica akaiweka simu mezani wote tusikie. Shikamoo, marahaba, hamjambo huko, hatujambo. Ndipo tukajua kwamba Ijumaa jioni kulikuwa na radi, na mama alizima swichi kubwa ya nyumba, ile ya ukumbini, akalala na koroboi.

"Iwashe mama, tunaomba."

Tukasikia kandambili, kisha kishindo cha swichi. Dakika mbili baadaye, kwenye skrini ya Hanifa, kisanduku cha Nangara kikaitika. Modesti akapiga kofi meza. Akatuma ujumbe. Moja, mbili, tatu, kumi. Akatuma tena. Kisanduku kinaita, kompyuta haiitiki. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini.

"Labda ile kadi imesahau," Modesti akasema, akijikuna. "Sijawahi kujaribu baada ya umeme kukatika kabisa. Lakini swichi ya ukutani niliiacha imewashwa. Nakumbuka niliiacha imewashwa."

Veronica alikuwa anatazama sakafu.

"Nilizima mimi," akasema.

"Nini?"

"Swichi ya ukutani. Tulipokuwa tunatoka. Uliniambia nisiguse, najua. Mkono ulikwenda wenyewe. Nililelewa hivyo."

Kutoka mezani sauti ya Mama Veronica ikasema, "Na umefanya vizuri. Nyumba haiachwi inawaka."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikufanya lolote kati ya hayo. Miezi minane ya kuiamsha bila mtu kuigusa, na sasa alihitajika mtu aiguse. Chumba kilikuwa kimefungwa bila ufunguo, mlango unasukumwa tu. Hatua nne kutoka pale mama aliposimama. Na yeye ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kuzipiga.

"Mama," Veronica akaanza, "ungeingia mara moja tu."

"Siingii."

"Mwite basi jirani."

"Nimwingize mtu baki chumba chenu cha kulala, nyinyi hampo? Watu watasema nini? Hapana, Vero."

"Dirishani je?" nikanong'ona.

Modesti akatikisa kichwa. Dirisha lile alilitengeneza mwenyewe, nondo nje, wavu wa mbu ndani. Hata kidole hakipiti. Nilimwambia siku nyingine asifanye kazi vizuri hivyo.

Mama akauliza, "Hiyo swichi iko umbali gani kutoka mlangoni?"

Kwa kawaida hapo Veronica ndiye angejibu. Lakini Veronica hakuwahi kupima chumba kile. Aliyekipima kila ukuta kwa futi kamba alikuwa Modesti. Akaivuta simu karibu, akafuta jasho juu ya mdomo.

"Mama, shikamoo tena. Ni mimi."

"Marahaba, mkwe."

"Ni futi nane na nusu, mama. Ukuta wa kushoto, urefu wa goti, kati ya kitanda na meza."

"Fagio la buibui lina futi ngapi?"

Modesti akafumba macho. Fagio lile la kutolea utando darini alilitengeneza kwa bomba la alumini lililobaki kazini. "Tisa," akasema. "Mama, lina tisa."

Kilichofuata nitakisimulia nikiwa na miaka tisini. Mama Veronica alijifunga kanga kifuani, akachomeka simu kwenye mkunjo wake, akausukuma mlango kwa ncha ya bomba. Akasimama nje ya kizingiti, uso ameuelekeza uani.

"Mimi natazama kuku," akatutangazia. "Wewe sema, mkono utakwenda."

"Ingiza bomba moja kwa moja, mama. Taratibu. Likigonga, niambie."

Ko.

"Hicho ni kitanda," Modesti akasema haraka. "Inua kidogo, nenda mbele."

Kling.

"Chupa yangu ya mafuta," Veronica akasema.

"Imeanguka?" mama akauliza.

"Achana nayo mama."

Hanifa alikuwa ameacha mteja kaunta. Mteja naye alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu, na wa nyuma yake. Modesti aliweka mikono yake hewani, anasukuma bomba ambalo hana, anapinda kiwiko, miguu inacheza chini ya meza. Alikuwa anasikiliza. Bomba likigonga mbao alijua ni mguu wa meza, likigonga ukuta alijua ni ukuta, na akisikia plastiki alipandisha nyusi.

"Hapo hapo. Hapo mama. Usiondoke. Shuka upana wa kidole. Sasa sukuma."

Ti.

"Imebofya?" Veronica akauliza.

"Kuna kitu kimebonyea," mama akasema. "Sijui ni nini, natazama kuku."

Modesti akageukia kibodi. Akatuma. Moja, mbili, tatu. Kimya. Akatuma tena. Saa nne na dakika kumi na mbili, nilikuwa naitazama ukutani.

"Mama, unasikia chochote?"

"Nasikia jogoo."

Akatuma mara ya tatu. Kisha, kutoka kwenye kanga ya Mama Veronica, kilomita zote zile, ikaja sauti yake ya taratibu.

"Mkwe. Mwenzake Vero ameamka."

Sikumbuki nani alimkumbatia nani. Nakumbuka kwamba nilimkumbatia mteja mmoja ambaye hata leo simjui jina, na Veronica alipiga vigelegele mpaka watu wa stendi wakachungulia. Modesti hakupiga kelele. Alikuwa amekwisha kuingia. Skrini ya chumbani kwake ilitokea pale Singida, pamoja na picha ya harusi yao, na mshale mdogo ukitembea juu ya vitu vyake vya Nangara. Furaha niliyoiona usoni kwake sijaiona hata kwa bwana harusi.

Akafungua faili la wimbo. Na kwa mazoea tu, kama anavyofanya kila jioni kuhakikisha, akabonyeza upigwe.

Pale dukani hapakusikika kitu. Lakini simu ilikuwa bado wazi, na spika za Nangara zilikuwa zimeachwa juu kabisa. Wimbo ukatoka chumbani kule, ukapita mlango uliokuwa wazi, ukamkuta mama amesimama kizingitini na bomba lake. Tukausikia kwa simu, mwembamba, wa kinanda kitupu bila maneno. Modesti akanyoosha mkono auzime, kisha mkono ukabaki hewani. Alikuwa amekwisha kuchelewa na alijua.

Wimbo ukaenda hadi mwisho. Ulipoanza kushuka, tukasikia sauti nyingine imeingia chini yake. Mama Veronica alikuwa anaimba, Kigorowa, pole pole, akashuka nao hadi pale pa kuondoa ndoo.

Kisha akauliza, "Nani aliwapa?"

Veronica akafungua mdomo. Modesti akamgusa bega.

"Ni mimi mama," akasema. "Nilikuwa nasimama nyuma ya zizi. Nilikuibia. Naomba unisamehe."

Jogoo aliwika tena huko Nangara.

"Chapisha karatasi zako, mkwe," mama akasema. "Saa zinakwenda." Akakata simu.

Kurasa za kujaribu zilianza kutoka. Lakini kabla hajachapisha nakala za majaji, Modesti alirudi kwenye ukurasa wa kwanza. Juu kulia palikuwa na jina lake, chini ya neno mtunzi. Akalifuta. Akakaa akitazama ile nafasi tupu, kwa maana jina la mama mkwe halitamkwi na mkwe, na nadhani hata kuliandika mkono ulikataa. Nikamwambia naweza kuandika mimi. Akatikisa kichwa. Akaandika: Mtunzi, Mama Veronica. Chini yake: Mpangaji wa sauti, Modesti. Hanifa alibana nakala, na alipoulizwa bei akasema ameshalipwa.

Tulikabidhi saa tano kasoro dakika nne. Tuliimba wa sita. Kabla ya kuimba, mwongozaji wa tamasha alisoma kwenye kipaza sauti kwa watu wote wale kwamba wimbo huu umetungwa na Mama Veronica wa Nangara, Babati, na Veronica akaanza kulia kabla hata hatujaanza ubeti wa kwanza. Tulishika nafasi ya tatu. Waimba tenori wanasema tungekuwa wa pili kama soprano asingelia. Mimi sitii neno, ukurasa huu nimeuanza kwa kukiri na nitaumaliza kwa adabu.

Tukarudi Jumapili, tukaingia Nangara kwenye saa kumi. Niliongozana nao hadi nyumbani kwa sababu nilikuwa na kanga ya zawadi kutoka kwa kwaya, na kwa sababu nilikuwa na hofu. Mama alikuwa uani anaosha ndoo ya maziwa. Modesti alisimama mbali naye kama inavyopasa, akiangalia miguu yake, na Veronica akasimulia yote: majaji, kipaza sauti, jina lilivyosomwa, watu walivyopiga makofi.

Mama Veronica alisikiliza huku anasugua ndoo. Akamwaga maji, akaifuta.

"Wamesoma jina langu," akasema.

"Ndiyo mama."

"Kwa wimbo ule."

"Ndiyo."

"Ule ni wa kumtuliza tu asirushe teke." Akaigeuza ndoo kuangalia chini yake. "Bado wa kumwita ndama. Bado wa kushukuru akimaliza. Na ule wa mama yangu, wa ng'ombe aliyefiwa. Ungeniuliza, mkwe, ningekupa yote."

Niliitazama miguu ya Modesti. Ilikuwa imeanza.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, "utaniimbia, niandike?"

"Chumbani kwako siingii."

Hatukungoja kuambiwa tena. Mimi nilibeba skrini, Veronica akabeba waya na spika, Modesti akabeba mashine yenyewe kifuani, tukaitoa kwenye kile chumba. Sebuleni mama alituonyesha pa kuiweka: si pale penye kochi, bali kando ya mlango wa uani, ambapo sauti ya zizini inafika. Modesti akachomeka waya ukutani na kuwasha swichi. Mama Veronica akaitazama ile taa ndogo ya kijani nyuma ya mashine, inavyopepesa, akamwambia binti yake asiizime. Kisha akachukua ndoo akaenda kukamua, na mlango akauacha wazi.